Kumbi za vijiji Tanzania Bara: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya habari za kumbi za vijiji: nani alifyatua tofali, nani alileta bati, ufunguo ulikaa kwa nani. Nilianza na ukumbi mmoja tu, wa kijijini kwetu milimani Usambara, kazi ikanizidi. Maswali yanayonifikia yanafanana sana, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Usipoliona lako, pitia majibu yote kwanza. Mara nyingi limo ndani ya jibu la mwenzako.

Ukumbi wa kijiji ni upi hasa? Kwetu kuna ofisi ya kijiji tu.

Basi huenda hiyo ofisi ndiyo ukumbi wenyewe, uliokatwa vyumba. Jina hubadilika mahali kwa mahali: ukumbi, bwalo, holi, jengo la maendeleo, kwingine watu husema tu "pale ofisini" hata kama hakuna ofisi iliyobaki. Mimi nahesabu jengo lolote ambalo wanakijiji walilijenga ili wakae pamoja, lisiwe kanisa, msikiti wala darasa. Najua mpaka huo haukai vizuri. Yapo madarasa yaliyowahi kuwa kumbi, na zipo kumbi ambazo Jumapili huazimwa na madhehebu yasiyo na jengo.

Kabla ya kumbi watu walikutana wapi?

Chini ya mti. Mbuyu, mwembe, mkuyu, kila mahali na mti wake. Tusione huo ulikuwa mpango wa kimaskini: mti hauna mlango, kwa hiyo hakuna wa kuufunga. Mtu aliyechelewa alisimama nyuma akasikia, na mtoto aliyetumwa chumvi aliweza kupita akaiba maneno mawili matatu.

Jengo la kwanza la mikutano katika sehemu nyingi lilikuwa baraza la mahakama ya wenyeji. Waingereza walipoweka utawala wao wa kupitia machifu, chini ya Gavana Donald Cameron na sheria ya 1926, chifu alihitaji mahali pa kusikilizia kesi na kukusanyia kodi. Baraza la namna hiyo mara nyingi lilikuwa paa juu ya nguzo, na kuta fupi zinazoishia kiunoni. Watu waliingia humo kuhukumiwa na kutangaziwa amri, si kupanga mambo yao. Nguvu za machifu zilipofutwa kisheria mwaka 1963, majengo hayo yalibaki bila mwenyewe. Ukikuta mahakama ya mwanzo au ofisi ya kata yenye kuta za ajabu, nusu za zamani na nusu zilizoongezwa juu, uliza wazee.

Nimesikia kumbi zilianzia kwa askari waliorudi Vita vya Pili. Ni kweli?

Ni nusu ya ukweli. Makumi ya maelfu ya Watanganyika walipigana Uhabeshi, Madagaska na Bama (Burma) wakiwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na serikali ya kikoloni iliogopa vijana hao wangerudi na mawazo mapya wakakosa la kufanya. Basi baada ya vita zikafunguliwa nyumba za ustawi, ambazo baadaye ziliitwa vituo vya maendeleo ya jamii: chumba cha kusomea, redio, chai, drafti, na magazeti ya Kiswahili kama Mambo Leo, ambalo lilikuwapo tangu 1923.

Lakini vituo hivyo vilikaa mijini na kwenye makao ya wilaya, na askari wenyewe hawakuvipenda sana. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, alifika Bama. Alisema aliingia katika kituo cha wilaya mara moja tu, akakuta makarani na walimu waliovaa soksi ndefu wakisoma magazeti kimya kimya "kama wamefiwa", akatoka akaenda kunywa boha. Ukumbi wa vituo hivyo unaojulikana zaidi ni ule wa Dar es Salaam, Mnazi Mmoja, ambao watu waliuita Anatoglo kwa jina la mfadhili wake, George Arnautoglu, mkulima mkubwa wa mkonge mwenye asili ya Ugiriki. Kilichofika kijijini kutoka huko ni wazo tu, pamoja na yule ofisa wa maendeleo ya jamii aliyeitwa bwana maendeleo.

Sinema je? Mama anasema aliona sinema ya bure kijijini kabla hata ya ukumbi.

Mama yuko sahihi. Gari la sinema halikuhitaji ukumbi. Lilitundika shuka jeupe uwanjani na giza likafanya kazi iliyobaki. Usambara tuna sababu ya kujivuna hapa: kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za mafunzo wenye makao yake Vugiri, na lori lake lilizunguka kuzionyesha Tanganyika na nchi za jirani. Baada ya uhuru magari ya serikali yaliendelea na utaratibu huohuo.

Nani hasa alijenga hizi kumbi?

Jibu la mkato: nyinyi. Jibu refu linahitaji kurudi mwanzoni mwa 1962. Mwezi Januari mwaka huo Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akazunguka nchi kukijenga chama chake, TANU. Kauli mbiu ilikuwa Uhuru na Kazi. Vijiji vikaitwa kujitolea: barabara, visima, madarasa, zahanati, kumbi. Kwa kawaida wananchi walitoa nguvu, mchanga, mawe na miti, serikali ikisaidia vitu vya dukani kama bati, saruji na misumari.

Muda si mrefu serikali ikaanza kuona shida. Darasa linataka mwalimu, zahanati inataka dawa na mganga, na vyote hivyo vinalipwa kila mwezi. Ukumbi hauna mshahara. Nadhani hiyo ni sababu moja iliyowafanya viongozi waupende: unamalizika siku ya kuezeka, unapigwa picha, basi.

Kwetu wakati wa ukumbi ulifika baadaye, mwaka 1976. Sisi hatukuhamishwa kwenye Operesheni Vijiji, ile kampeni ya kuwakusanya watu vijijini. Milima ilikuwa imejaa watu tayari, tukasajiliwa palepale tulipo. Kazi ilifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, neno ambalo watu wa Upareni na Usambara hawahitaji kufafanuliwa. Pembe ililia alfajiri, na likilia mbiu ya mgambo lina jambo. Kila nyumba kumi ilipangiwa tofali 200 za kuchoma. Balozi, kiongozi wa nyumba kumi, alizihesabu kwa kupiga mstari wa mkaa ukutani kwake, na wenye tofali waliziwekea alama zikiwa bado mbichi ili wasije wakaibiwa na nyumba kumi ya jirani. Wanaume walifyatua, wakapanga tanuru na kukata mbao. Wanawake walibeba maji na mchanga kutoka mtoni, mama yangu akiwa na karai kichwani na mdogo wangu mgongoni, halafu wakarudi kupika. Asiyefika alitozwa kuku. Nyumba kumi moja ilichomoa tanuru yake kabla ya wakati kwa sababu kuni ziliisha, na tofali zao zikaenda ukuta wa magharibi. Ukuta ule mpaka leo una tumbo. Nikienda likizo napitisha kiganja pale, na bado naziona alama: msalaba, herufi M iliyopinda, nukta tatu.

Kwa hiyo mtu akikwambia ukumbi ulijengwa na serikali, au na chama, muulize kuhusu mchanga.

Kwa nini ukumbi wetu unafanana na ghala?

Kwa sababu huenda ni ghala. Vyama vya ushirika vilikuwa na nguvu kubwa vijijini kabla na baada ya uhuru: KNCU huko Kilimanjaro tangu 1933, shirikisho la vyama vya pamba Kanda ya Ziwa lililoundwa 1955, na vingine. Palipo na chama cha msingi pana ghala, na ghala likiwa tupu baada ya msimu lilitumika kwa mikutano na ngoma. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika. Kazi ya kukusanya mazao ikawa ya kijiji chenyewe, kikiuza kwa mamlaka za mazao. Mwaka huohuo ikaja Operesheni Maduka, na kijiji kikatakiwa kuwa na duka lake la ushirika. Jengo moja likajikuta lina kazi tatu. Sheria iliruhusu ushirika tena mwaka 1982, na hapo ndipo ulipoanza ugomvi wa nani mwenye ghala na nani mwenye ukumbi. Baadhi yake haujaisha.

Dalili za ghala ni hizi: milango mipana ya mabawa mawili, madirisha madogo juu karibu na paa, sakafu iliyoinuliwa kimo cha kitako cha lori. Ukisimama humo siku ya mvua ukanusa harufu ya magunia, huhitaji nyaraka.

Wakati wa Ujamaa kulifanyika nini ndani, zaidi ya hotuba?

Hotuba zilikuwepo, na zilikuwa ndefu. Lakini wazee ninaozungumza nao hawaanzii huko. Wanaanzia kwenye redio. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha Mtu ni Afya kwa wiki 12. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Washiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Palipo na ukumbi walikutana ukumbini. Pasipo na ukumbi, shuleni au chini ya ule mti. Mwaka 1975 kikafuata Chakula ni Uhai.

Halafu kisomo. Hesabu za serikali zilisema mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1975 ikatajwa asilimia 39, na mwaka 1986 chini ya 10. Wapo wanaozitilia shaka hesabu hizo, hasa hiyo ya mwisho, na mimi ni mmoja wao. Lakini nilichokiona sikitilii shaka. Watoto tulichungulia dirishani jioni, ndani kuna karabai moja inayounguruma, akina mama wamekaa kwenye mabenchi ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yamewafika kifuani. Mama alikuwa akitoa ulimi nje kidogo kila alipopinda herufi S. Daftari lake ninalo.

Muziki nao ulikuwepo. Kwaya, ngoma za kukaribisha wageni, na kwa bahati, mara moja kwa mwaka, bendi kutoka mjini. Sikukuu ilikuwa disko toto mchana, wakubwa usiku, sakafu ikitoa vumbi mpaka taa inafifia.

Kwa nini ukumbi tuliojenga sisi una bendera ya CCM?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, wakati mwingine kwa hasira. Nitalijibu kwa kufuata ufunguo.

Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji kilichosajiliwa, chenye kaya zisizopungua 250 au karibu na hapo, halmashauri yake yenyewe. Lakini mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Mtu mmoja, kofia mbili, ufunguo mmoja. Hapakuwa na haja ya kuandika kama jengo ni la tawi au la kijiji, maana hapakuwa na wa kumuuliza. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar vilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, kibao kilipakwa rangi upya na maisha yakaendelea. Kwetu katibu alilala na ufunguo chini ya mto, na ukitaka ukumbi kwa ajili ya msiba ulikwenda kwake, si kwa mtu mwingine.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, kofia mbili zikatenganishwa. Ndipo ikaonekana kwamba majengo mengi hayana karatasi. CCM ilibaki na mali iliyokuwa mikononi mwake, kuanzia viwanja vikubwa kama CCM Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya hadi vyumba viwili vya tawi kijijini. Vyama vya upinzani vimedai tangu hapo kwamba mali iliyojengwa kwa michango ya wananchi wote irudi kwa wananchi. CCM imeshikilia kwamba ni mali yake halali. Mimi nasema hivi: usipokuwa na muhtasari wa kikao, una hadithi tu. Vipo vijiji ambavyo tawi lilijenga lake mbali na la kijiji, kwa michango ya wanachama, na hapo hakuna ugomvi. Vipo vingine ambavyo msaragambo uliitwa kwa jina la kijiji na bendera ikapandishwa baadaye. Chunguza cha kwenu kabla ya kupaza sauti.

Katika vijiji vingi watu walimaliza jambo hili kimyakimya: tawi likachukua chumba cha mbele, mtendaji wa kijiji akachukua cha nyuma, ukumbi wa katikati ukakodishwa, na kila upande ukawa na kufuli lake.

Kwa nini kumbi nyingi zilisimama kwenye renta, au zimechakaa namna hii?

Saruji. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikauka. Mpaka sabuni ilitafutwa kwa foleni, sembuse saruji na bati. Kuta zilizosimama mwaka 1978 zililoa mvua miaka mingi, na tofali lisilopigwa lipu huanza kuoza chini.

Sababu ya pili ni watoto. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe, na kufikia 1977 madarasa hayakutosha. Ukumbi ukawekewa ubao. Baadaye fedha za maendeleo, zikiwemo za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza 2000, nazo vijiji vilichagua kuzipeleka kwenye madarasa na zahanati, na siwalaumu.

Ya tatu ni burudani. Kilipofika kibanda umiza, chenye televisheni, jenereta na mabenchi ya mbao zilizobaki, vijana waliacha kungojea bendi ya mwaka mara moja. Na harusi? Mwenye uwezo anapeleka sendofu mjini kwenye ukumbi wenye vitambaa na feni. Pale kwetu wamebaki popo. Harufu yao utaisikia hata kabla kufuli halijafunguliwa.

Zanzibar na Kenya mambo yalikuwa hayahaya?

Hapana. Zanzibar mazungumzo ya watu yalikuwa na makao yake tayari, baraza za mawe mbele ya nyumba, na siasa ikaleta maskani zake, yaani vijiwe vya wafuasi wa vyama. Kenya wenzetu walikuwa na Harambee, na kabla ya hapo Shule ya Jeanes ya Kabete iliyofundisha watu wa maendeleo ya jamii, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake tangu 1952. Siku hizi kumbi nyingi za kijamii huko hutajwa pamoja na fedha za maendeleo ya majimbo zilizoanza 2003. Hayo yanahitaji mtu wa kule ayaandike.

Nataka kuandika historia ya ukumbi wetu. Nianzie wapi?

Anza na jengo kabla ya watu, kwa sababu watu watakwambia wanachodhani unataka kusikia. Tafuta jiwe la msingi. Mengi yana jina la mgeni aliyezindua na tarehe, na mengi yanataja Mwenge wa Uhuru. Hapo umepata siku kamili. Angalia kama kuna rangi chini ya rangi. Hesabu aina za tofali.

Kisha omba kwa mtendaji madaftari ya zamani ya mihtasari na ya michango. Nenda na heshima, nenda zaidi ya mara moja, na usiombe kuondoka nayo. Piga picha ukurasa kwa ukurasa. Kwetu daftari la michango la 1976 lilikuwa limefungiwa maandazi nusu yake. Majina yaliyobaki yanaishia herufi K.

Halafu wazee, na hapa nina neno. Usiwaulize "ukumbi ulijengwa lini?" Watakupa mwaka wowote. Uliza: "Ulikuwa na mtoto yupi mgongoni?" au "Kabla ya njaa ile au baada yake?" Kwa swali la mtoto mama yangu aliukosoa mwaka uliochongwa kwenye jiwe, na cheti cha ubatizo cha mdogo wangu kikampa haki. Waulize wanawake peke yao. Wakiwepo wanaume watasema "sisi tulipika tu", na si kweli.

Mwisho, kama una nauli, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ina vitabu vya wilaya na mafaili ya zama za Waingereza. Barazani utapata mengi, kumbini machache.

Ukumbi umeinama, vijana wanataka tuubomoe tujenge mpya. Tunaruhusiwa?

Ikiwa ni mali ya kijiji, uamuzi si wa mwenyekiti na mtendaji peke yao. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982 halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ndiyo inayoshika mali, lakini jambo kubwa kama hili lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, ule wa watu wazima wote wa miaka 18 na zaidi unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu. Pateni muhtasari wenye sahihi. Kama tawi la chama nalo linadai, malizaneni kwa maandishi kabla ya nyundo ya kwanza. Mwiteni fundi aseme kama ni paa tu lililooza, maana kenchi mpya ni nafuu kuliko msingi mpya. Bati na mbao zinazofaa ziorodheshwe siku hiyohiyo, kabla ya giza kuingia. Mnaelewa kwa nini.

Na lile jiwe la msingi litoeni kwa tindo taratibu, kuanzia pembeni. La kwetu lilipigwa katikati, na sasa linasomeka "UMEFUNGULIWA NA" tu.